Ekzosi ya pikipiki kongwe inavuja: tafuta panapovuja kabla hujachomelea

Pikipiki ya zamani ikibadilika mlio, wengi wetu huipeleka moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea. Fundi anaona kutu chini ya bomba, anaweka kiraka, analipwa, na baada ya wiki mlio umerudi vile vile. Kiraka chenyewe kinaweza kuwa kizuri kabisa. Tatizo ni kwamba mahali palipoliwa na kutu na mahali panapovuja si lazima pawe pamoja. Kutu huonekana nyuma, kwenye tumbo la bomba. Moshi mara nyingi unatokea mbele, pale ekzosi inapoingia kwenye hedi (kichwa cha injini), na huwezi kupaona mpaka upige magoti na tochi. Kwa hiyo maelezo haya yanaanzia mbele kurudi nyuma, na yamepangwa kwa dalili, maana dalili ndiyo anayokuja nayo mwenye chombo.

Nawaandikia zaidi wenye Honda ndogo za C70 na C90, wenye pikipiki za kizamani za cc 125, na wenye Vespa, ambazo Unguja bado zinapendwa. Pikipiki mpya za bodaboda zinafuata kanuni hizi hizi, ila nati zake bado hazijashikana kwa kutu.

Kwa nini kwetu zinaoza mapema

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Yanatoka kama mvuke, ndiyo maana asubuhi bomba hudondosha matone. Safari ndefu ya kutoka Chake Chake hadi Konde hulipasha bomba lote moto na maji hayo hukauka. Safari fupi ya Darajani hadi Michenzani, ukazima, ukarudi, haitoshi. Mvuke unageuka maji ndani ya bomba, unachanganyika na tindikali za moshi, na bati linaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Juu ya hapo tuna upepo wa bahari wenye chumvi, na wapo wanaokata njia mchangani maji yakitoka, upande wa Paje na Jambiani. Ukipita pwani, lisafishe bomba kwa maji ya mfereji, lakini lipoe kwanza. Maji juu ya chuma cha moto yanaweza kulipasua kwenye maungio ya kuchomelea.

Kulitafuta tundu

Anza injini ikiwa baridi, tangu jana haijawashwa. Ekzosi ikishapata moto, chuma hutanuka na upenyo mdogo hujiziba, nawe utaondoka ukidhani hakuna kitu. Isitoshe, bomba la moto linaunguza mkono hata kabla halijabadilika rangi.

Kwanza angalia kwa macho. Moshi unaovuja huacha masizi. Tafuta alama nyeusi iliyochorwa kama ulimi kuanzia kwenye flanji, ile sahani inayobana bomba kwenye hedi, kwenda kwenye mapezi ya hedi. Alama hiyo ni ushahidi tosha. Kwenye injini za tustroki, zile zinazochanganya oili na petroli kama Vespa, alama huwa ya mafuta, nyeusi na inateleza.

Kisha washa, iache sailensa (izunguke polepole bila kuipa mafuta), na uzibe mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara nene lililoloweshwa maji kwa sekunde mbili tatu tu. Ekzosi nzima itakusukuma mkono na injini itaanza kulemewa, pengine itazima. Ikiendelea kuzunguka kwa raha, moshi umepata njia nyingine. Ukiwa umeziba hivyo, sikiliza mfyonyo, na mtu wa pili apitishe kipande chembamba cha karatasi laini kuzunguka flanji na kila ungio. Karatasi ikicheza, ni hapo. Mpira wa maji wa kama mita moja, ncha moja sikioni na nyingine ikitembezwa karibu na maungio, unasaidia kuliko watu wanavyoamini.

Ikiwa bado hujapaona, nenda kwa fundi wa pancha mwenye kompresa. Injini imezimwa na ni baridi. Zungusha kiki polepole mpaka uhisi inakaza, maana hapo valvu zote mbili, yaani milango ya kuingizia na kutolea hewa, zimefunga na hewa haiwezi kurudi ndani ya silinda. Ingiza hewa kidogo kwenye bomba la nyuma kupitia tambara, paka maji ya sabuni kila mahali, utaona mapovu. Hewa iwe ndogo.

Inapiga tik-tik asubuhi, ikipata moto inanyamaza

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na karibu kila mara ni gasketi (pete ya kuzibia) ya mdomo wa ekzosi au nati zake. Mlio ni mkavu, unafuatana na injini, na unazidi ukipanda mlima. Pemba hilo unalijua kabla hujafika juu, hasa ukiwa na gunia la karafuu nyuma.

Kabla ya kufungua chochote, itenganishe na kelele ya valvu, kwa sababu zinafanana sana. Kelele ya valvu inasikika juu ya hedi, haiachi masizi, na haipotei injini ikipata moto. C70 na C90 zinataka nafasi ya valvu ya milimita 0.05 injini ikiwa baridi. Pima hiyo kwanza ikiwa una shaka, ni kazi ya dakika chache na haigharimu kitu.

Ikiwa ni ekzosi, jaribu kukaza nati kwanza. Kaza kidogo huku, kidogo kule, mpaka flanji ikae sawa pande zote mbili. Stadi, yaani bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye hedi, za unene wa milimita 6, zile ambazo nati yake ni spana namba 10, zinataka nguvu ya kama niutoni mita 10 tu. Ni nguvu ya kiwiko, si ya bega. Wengi wanazikata hapa kwa kudhani chuma kikubwa kinataka mkono mkubwa. Zikikaza na mlio ukaisha, panda siku mbili, rudia kukaza injini ikiwa baridi, na kazi imekwisha.

Nati zikiwa zimefika mwisho na bado inavuja, gasketi imekufa. Na hapa ndipo nati zinapogoma kutoka, kwa hiyo tupate muda wa kuzizungumzia.

Nati iliyokaa miaka kumi na zaidi kwenye moto na chumvi haifunguliwi kwa hasira. Safisha nyuzi zinazochungulia kwa brashi ya waya. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, yalale, mwagia tena asubuhi. Ukikosa ya kopo, dizeli inasaidia ingawa inachelewa. Tumia soketi ya pembe sita, maana ile ya pembe kumi na mbili huzila pembe za nati. Kaza kidogo kwanza, kama unataka kuifunga, mpaka usikie imekatika kutu, ndipo urudishe. Ikitembea robo mzunguko na ikakaza, irudishe mbele, ongeza mafuta, njoo tena. Stadi yenyewe ikianza kuzunguka pamoja na nati usishtuke, iache itoke yote. Hilo ni jambo jema, utaweka mpya.

Ikigoma kabisa, tumia moto. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo hedi ikipashwa, tundu linapanuka kuliko stadi iliyomo. Lakini funga koki ya petroli, toa tangi na kabureta, peleka mbali, ndipo uwashe moto. Aluminiamu ya hedi huyeyuka hata kabla ya nyuzi joto 660 na haibadiliki rangi kukuonya, basi moto uwe wa kutembea, usikae mahali pamoja.

Stadi ikikatika na kubaki kijiti nje, fundi wa kuchomelea achomelee nati juu ya kijiti hicho. Joto la kuchomelea linalegeza na nati inakupa pa kushika. Ikikatika ndani, usiitoboe kwa mkono na drili ya seremala. Biti itakwepa chuma kigumu iingie kwenye aluminiamu laini, na hapo hedi imeharibika. Peleka kwenye karakana yenye drili ya kusimama, watoboe katikati na kuweka nyuzi mpya za koili.

Sasa bomba limetoka. Chungulia ndani ya mdomo wa hedi kwa tochi. Utaona mduara mweusi umekaa kwa utulivu, kama sehemu ya hedi yenyewe. Ukwaruze kwa ncha ya bisibisi: ikimeta nyeupe, ni aluminiamu, umefika mwisho. Ikimeta nyekundu, ni shaba, yaani gasketi ya zamani bado imo. Nimeona hedi zenye gasketi mbili, hata tatu, kila fundi akiongeza yake juu ya ya mwenzake. Zikirundikana hivyo, bomba halikai wima wala flanji haibani sawa. Itoe kwa kuikunja kuelekea katikati kwa kitu chenye ncha, bila kuchimba ukuta wa hedi. Na kabla hujaigusa, ilowanishe. Baadhi ya gasketi za zamani zina asbesto ndani ya ganda la shaba, na vumbi lake halifai kuingia mapafuni. Usipulize kwa kompresa.

Safisha uso kwa msasa laini. Angalia mdomo wa bomba: umepinda? umeliwa upande mmoja? Unyooshe kwa tupa juu ya kitu bapa. Gasketi mpya iwe ya kipenyo kile kile. Ukoo wa Super Cub, ambao ndio wa C70 na C90, umetengenezwa tangu 1958 na vipuri vyake bado vinatoka viwandani, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, au pima kwa kalipa.

Ukikosa kabisa, na gasketi yako ni ya shaba tupu, unaweza kuifufua mara moja. Shaba iliyogandamizwa huwa ngumu. Ipashe mpaka iwe nyekundu hafifu, itumbukize majini, itakuwa laini tena na itabana. Ile yenye asbesto ndani usiifanyie hivyo. Wapo wanaokunja pete ya waya wa umeme wa shaba, na inafika nyumbani, lakini pale ncha mbili zinapokutana patavuja. Kadibodi na ngozi zinaungua siku hiyo hiyo. Silikoni nyekundu ya dukani inavumilia joto la nyuzi 300 na kidogo, na moshi unaotoka mdomoni mwa hedi unapita 500. Kwenye hedi usiiweke.

Kufunga kuna utaratibu, na ndiyo siri ya kazi kudumu. Paka stadi grisi ya shaba. Nati za shaba ya njano ukizipata, weka hizo, hazishikani na chuma. Funga nati za mbele kwa vidole tu. Kisha bolti ya nyuma inayoshika bomba kwenye fremu, nayo kwa vidole. Ndipo ukaze mbele, kwa zamu, mpaka zibane, na mwisho kabisa ukaze nyuma. Anayeanza kukaza nyuma analazimisha bomba, na gasketi inabanwa upande mmoja.

Inapiga fataki ukiachia mafuta kwenye mteremko

Ukishuka mlima mkono wa mafuta umefungwa, injini huvuta na kusukuma bila kuchoma petroli yote. Kukiwa na upenyo karibu na hedi, hewa safi huingia kwa msukumo unaorudi, inakutana na petroli hiyo kwenye bomba la moto, inawaka huko huko. Kwa hiyo fataki za mteremkoni pamoja na tik-tik ya asubuhi ni tatizo moja. Rudi kwenye sehemu ya tik-tik hapo juu.

Fataki bila tik-tik wala masizi ni hadithi nyingine: mchanganyiko wa kabureta una petroli chache, au mpira wa kati ya kabureta na injini umepasuka. Toa plagi uangalie. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi. Maji ya sabuni hayafai hapa kwa sababu mpira huo unavuta, hausukumi. Mwagia maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia huku injini ikiwa sailensa, mzunguko ukibadilika umepata ufa. Nasisitiza utaratibu: maliza ekzosi kwanza, ndipo uguse skrubu ya kabureta. Ukianza na kabureta utairekebisha ifuate uvujaji, na siku ukiziba uvujaji italazimika irekebishwe upya.

Mlio umekuwa mzito, hakuna tik-tik

Hapo ni nyuma. Lala chini na bisibisi, gonga tumbo la bomba polepole kuanzia mbele. Bati zima linalia. Lililooza halilii, na bisibisi inaweza kuzama. Sehemu ya kwanza kutoboka ni ya chini kabisa, pale maji yanapotuama, na pale kishikio kinapochomelewa kwenye bomba.

Ila mabomba mengi yana kitundu kidogo cha kiwandani sehemu ya chini, cha mviringo mzuri, kingo zake safi. Kimewekwa kutoa maji. Usikizibe. Ukikiziba, bomba litatoboka kwingine mapema zaidi.

Kiraka cha kweli kinaanza kwa kukata. Bati lililoliwa likatwe mpaka ufikie chuma kinacholia, ndipo kipande kipya kifunike. Kuchomelea juu ya kutu ni kutoboa zaidi, na fundi mwenye umeme mkubwa na fito nene atakuachia shimo kubwa kuliko ulilokuja nalo. Kwa bati jembamba la bomba kongwe napenda gesi na vijiti vya shaba: joto ni dogo na linatambaa vizuri. Bomba litolewe kwenye pikipiki kwanza. Kuchomelea umeme bomba likiwa mahali pake kunahatarisha waya na betri.

Kiraka kisiwe bati la paa. Bati la paa limepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku. Bati jeusi la kawaida la milimita 1 hadi 1.5 linatosha.

Vespa inatema mafuta meusi

Kwenye Vespa za PX, familia iliyoanza 1977, bomba linavaa mdomo wa silinda na kubanwa kwa klempu, halafu bolti kubwa inalishika chini. Mafuta meusi yakichuruzika kwenye klempu, angalia kwanza ile bolti kubwa. Ikilegea, bomba zima linatikisika na klempu haiwezi kulishikilia peke yake. Safisha, sukuma bomba mpaka mwisho, kaza zote mbili. Hapa dawa ya kuzibia ekzosi, ile ya udongo, inafaa, kwa kuwa ni ungio la kuvaa na halina gasketi.

Mafuta yakiendelea kuwa mengi, pima unavyochanganya oili. Na injini ya tustroki hutegemea msukumo unaorudi kutoka kwenye bomba ili ipumue, kwa hiyo uvujaji mdogo unaipunguzia nguvu kuliko ungeipunguzia Honda.

Neno moja kwa wanaosafisha bomba la Vespa kwa petroli ili kutoa kaboni: bomba hilo lisiende kwa fundi wa kuchomelea. Mvuke wa petroli unabaki ndani muda mrefu baada ya wewe kudhani limekauka, na cheche moja inalilipua mikononi mwake.

Harufu ya moshi, macho yanawasha

Nyumba nyingi za mjini pikipiki hulala ukumbini, na asubuhi huwashwa humo humo huku watoto wamelala chumba cha pili. Ekzosi ikivuja au isipovuja, moshi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine, nayo ikipungua haimaanishi gesi imekwisha. Isukume mpaka nje ndipo upige kiki. Na majaribio yote niliyoyataja ya kuziba bomba yafanyike uwanjani.

Umebadilisha gasketi, baada ya wiki inalia tena

Basi kuna kitu kinalisukuma bomba. Angalia kishikio cha nyuma kama kimepasuka au mpira wake umekwisha. Bomba likining'inia, uzito wote unabebwa na stadi mbili nyembamba za mbele. Angalia kigingi cha kukanyagia, hasa pikipiki ikiwa iliwahi kuanguka: kikipinda kinaegemea bomba na kila shimo la barabara linapiga gasketi nyundo. Angalia pia ufa mwembamba nyuma ya flanji, pale ilipochomelewa kwenye bomba. Ufa huo hufunguka injini ikifanya kazi tu, na hauonekani mpaka usugue kutu kwa brashi na kupaka sabuni.

Usipoona hata kimoja, pengine hukurudia kukaza. Gasketi mpya hujikunja ikipata moto mara ya kwanza na nati hubaki zimelegea. Endesha kama nusu saa, iache ilale, asubuhi ikiwa baridi kaza tena mbele kwa zamu, kisha nyuma. Rudia baada ya siku chache, halafu pitisha ile karatasi laini kuzunguka flanji.